Maganda ya Mama Mboga

Kwenye Soko la Wakulima mjini Nakuru, maganda ya vitunguu hupeperuka chini ya meza na hakuna anayeyajali. Mimi huyaomba kila Pasaka inapokaribia. Mama mboga hunijazia mfuko bure, kisha huniuliza nayapeleka wapi.

Nayapeleka sufuriani. Konzi nne za maganda ya vitunguu vyekundu huchemka nusu saa hadi maji yawe mazito kama turungi. Nikishachuja na kuyapoza, natia vijiko viwili vya siki, kisha mayai, na kurudisha motoni taratibu kwa dakika 10. Gamba la yai ni chokaa. Siki hulikwaruza juu kidogo, rangi ikapata pa kushika. Hapo hutoka wekundu wa udongo wa shamba lililolimwa jana. Wagiriki nao wamepata wekundu wa mayai yao ya Pasaka kwa maganda ya vitunguu.

Mayai ya gredi, kahawia tangu mwanzo, huufifisha uzuri huo. Natafuta ya kienyeji, yale meupe au ya rangi ya maziwa. Manjano hutoa njano ya kung'aa. Kabichi ya zambarau hunishangaza bado: yai jeupe lililochemshwa, likilala usiku kucha ndani ya maji yake kwenye friji, asubuhi ni buluu!

Raha yangu kubwa, hata hivyo, ni jani la dania. Nalilowesha, nalilaza juu ya yai bichi, nalikaza kwa kipande cha soksi nyepesi ya kike, nafunga fundo, natumbukiza. Nikifungua, jani limeacha kivuli chake cheupe, na kila mshipa unaonekana.

Bonde la Ufa limezoea rangi za mimea. Wakalenjin husugua kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet, na mursik, maziwa yao ya mgando, ikatoka na rangi ya majivu. Huko Njoro, akina mama wa Kenana Knitters, kikundi kilichoanza 1998, husokota sufu kwa mkono na kuitia rangi za mimea.

Rangi ya pakiti hutoa trei nzima ya mayai 30 yanayofanana. Katika trei ya maganda hakuna mapacha, na hiyo ndiyo ninayoipenda.

Jumamosi Kuu ijayo, wahi sokoni. Mwombe mama mboga maganda kabla hajayafagia.