Gorgoni Mwenye Masharubu: Fani ya Mtawala, Sauti ya Nani?

Tumezoea kuikata kazi ya sanaa vipande viwili: fani huku, maudhui kule. Hekalu la Sulis Minerva, mjini Bath, Uingereza, linaigomea kabisa tabia hiyo.

Warumi waliivamia Britania mwaka 43 B.K. Kabla karne hiyo haijaisha, wakajenga hekalu kando ya chemchemi ya maji moto, mahali pa Sulis, mungu wa kike wa wenyeji. Ukilitazama kwa haraka utasema mtawala kamaliza kila kitu: jukwaa la mawe, ngazi mbele, nguzo nne za mtindo wa Korintho, na juu yake ukuta wa pembetatu wenye michongo. Humo, viumbe wawili wenye mabawa, ishara ya Ushindi, wanashika ngao huku wakikanyaga tufe. Ujumbe gani tena tunautafuta?

Lakini hebu tazama katikati ya ngao. Gorgoni wa Minerva anajulikana: ni jike lenye nyoka kichwani. Huyu wa Bath, aliyefukuliwa mwaka 1790, ni dume! Kakunja uso, ana masharubu mazito, nywele na ndevu zimesokotana na nyoka. Wapo wanaosema ni mungu wa maji, wengine wa jua. Kwa maoni yangu, suala si kumpa jina. Suala ni kwamba msanii kapewa umbo la mtawala, naye kalijaza sura nyingine.

Je, tuseme basi tamaduni "zilichanganyika" na mambo yakaisha? Hapana. Neno hilo linaficha nani alikuwa juu; tufe bado limekanyagwa. Hata hivyo, maandishi ya mawe hapo humtaja Sulis kwanza, Minerva baadaye. Na ndani ya chemchemi zimepatikana bamba kama 130 za risasi na bati, zenye malalamiko ya watu wa kawaida. Docimedis, kwa mfano, kaibiwa glavu zake mbili, anataka mwizi apoteze akili na macho. Kaandika Kilatini, lugha ya dola, lakini kesi yake kaipeleka kwa mungu wa chemchemi.

Kwa hiyo fani si chombo kitupu cha kubebea maudhui. Masharubu tu yamebadilika, na maana nzima ya ngao imebadilika. Anayedai hekalu hili ni la Warumi tu kahesabu nguzo, uso hajausoma.