Pikipiki Hulala Kwenye Kona: Mashine ya Cannstatt na Swali la Imani

Novemba 1885, mashine ya mbao yenye injini ya petroli ilitoka Cannstatt, karibu na Stuttgart, ikaenda hadi Untertürkheim, mwendo wa kilomita tatu hivi. Waliounda mashine hiyo ni Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach. Vitabu vingi huiita pikipiki ya kwanza duniani. Mimi nasema haikuwa pikipiki, na sababu yangu ni magurudumu mawili madogo yaliyofungwa ubavuni mwake, moja kulia na jingine kushoto.

Kwanza tuitendee haki, maana ni kazi ya mafundi wakubwa. Injini ilikuwa na silinda moja ya sentimita za ujazo 264, ikitoa nusu ya nguvu ya farasi kwa mizunguko 600 kwa dakika. Injini za gesi za wakati huo zilikuwa mizigo ya kusimikwa kiwandani, nzito na za polepole. Kupata injini ndogo iliyoweza kubebwa na chombo kinachotembea lilikuwa jambo kubwa. Injini hiyo haikuwa na plagi. Mafuta yaliwashwa na mrija mwembamba uliopashwa moto kwa mwali, na mrija huo ulikaa chini ya tandiko la ngozi. Inasimuliwa kwamba katika safari ile tandiko lilishika moto. Fremu ilikuwa ya mbao, magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma, na nguvu ilifika gurudumu la nyuma kwa mkanda. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 12 kwa saa.

Sasa turudi kwenye vile vigurudumu vya ubavuni. Daimler hakuwa akitafuta chombo cha kupanda. Alitaka kujua kama injini yake inaweza kujiendesha barabarani, na mwaka uliofuata aliifunga kwenye mashua na kwenye gari lililofanana na la farasi. Kwa hiyo hakujisumbua na ufundi wa fremu. Usukani ulisimama karibu wima, tandiko lilikuwa juu ya injini, na mpandaji hakuwa na njia ya kuilaza mashine upande wowote. Ilipokata kona, uzito wote ulisukumwa nje, ukaangukia kigurudumu cha upande wa nje. Ilikata kona kama mkokoteni.

Wasomaji wa Dar es Salaam au Mombasa wana mfano wa karibu, nao ni bajaji. Inashikwa kwa mikono miwili kwenye usukani wa pikipiki, injini yake ni ya ukubwa wa pikipiki, na gurudumu la mbele ni moja. Hata hivyo hakuna dereva wa bodaboda atakayekubali kwamba bajaji ni pikipiki, na yuko sahihi. Ukiikatisha kona kwa kasi, haiwezi kuinamia ndani. Gurudumu la ndani litanyanyuka na wewe utatupwa nje. Injini si hoja, na usukani si hoja. Hoja ni kulala.

Mwaka ule ule wa 1885, huko Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli yake aina ya Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, cheni inayozungusha gurudumu la nyuma, na mpandaji aliyekaa katikati yake. Ndiyo baiskeli tunayoijua hadi leo. Nusu mbili za pikipiki, yaani injini na fremu inayojua kulala, zilikuwepo tayari duniani, lakini katika nchi mbili, mikononi mwa watu wawili tofauti.

Zilikutana Munich. Mwaka 1894 ndugu wawili wa ukoo wa Hildebrand pamoja na Alois Wolfmüller walianza kuuza chombo chenye injini ya silinda mbili, sentimita za ujazo 1489, nguvu ya farasi 2.5 tu, kilichoweza kufika kilomita 45 kwa saa. Ufundi wake ulikuwa wa kushangaza, na kwa kweli mbaya. Vyuma vya pistoni vilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, bila klachi wala gia, na mikanda minene ya mpira ilisaidia kuzirudisha pistoni. Kuiwasha kulitaka uisukume ukikimbia, ishike moto, ndipo urukie juu. Kwa injini peke yake, Daimler na Maybach walikuwa mbele zaidi. Lakini chombo cha Munich hakikuwa na vigurudumu vya ubavuni. Kilisimama juu ya magurudumu mawili kwa sababu kilikuwa kinakwenda, na kilikata kona kwa kulala. Kwangu mimi, pikipiki inaanzia hapo.

Je, inasimamaje? Wengi hujibu kwamba magurudumu yanayozunguka kwa kasi hukataa kuanguka. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Wengine hutaja mlalo wa foki: mhimili wa usukani ukirefushwa hadi chini, unagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapogusa, na umbali huo husaidia gurudumu kujinyoosha. Nalo ni kweli, lakini halijakamilika. Mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walieleza katika jarida la Science baiskeli ndogo waliyoiunda makusudi ili iwe haina misaada yote miwili. Walifunga magurudumu mengine yanayozunguka kinyume ili kufuta nguvu ya mzunguko, wakaweka mahali pa mguso wa tairi mbele ya mhimili badala ya nyuma. Waliisukuma bila mtu juu yake, ikajisimamisha yenyewe.

Kinachobaki baada ya kuondoa hayo yote ni hiki: chombo kikianza kuangukia kushoto, gurudumu la mbele ligeukie kushoto. Tairi linarudi chini ya uzito, na anguko linasimamishwa kabla halijawa ajali. Kisha kinaanza kuangukia kulia, na gurudumu linafuata tena. Pikipiki iliyo kwenye mwendo iko katika kuanguka wakati wote. Inaanguka na kudakwa, inaanguka na kudakwa, kwa miondoko midogo ambayo aliyekaa juu yake haioni.

Kukata kona ni kuliruhusu anguko hilo kwa makusudi, na hapa kuna jambo linalowashangaza hata madereva wa miaka mingi. Ukiwa kwenye mwendo wa kutosha na unataka kwenda kushoto, unasukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani. Yaani kwa sekunde ndogo unageuza gurudumu kulia. Tairi linatoka chini yako kwenda kulia, wewe na mashine mnaanza kuangukia kushoto, na hapo ndipo gurudumu linageuka kushoto na kona inaanza. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi baiskeli pamoja na mdogo wake, aliwauliza waendesha baiskeli wengi jinsi wanavyokata kona ya kushoto. Hakumpata aliyeeleza sawasawa mara ya kwanza. Wote walijua kufanya. Hakuna aliyejua anachofanya.

Wilbur alikuwa mtoto wa askofu, na Maybach naye alilelewa katika nyumba ya mhubiri. Alizaliwa mwaka 1846, akawa yatima akiwa na miaka kumi, akachukuliwa na Bruderhaus ya Reutlingen, nyumba ya yatima na maskini iliyoanzishwa na Gustav Werner, mhubiri wa Kiprotestanti. Werner hakuridhika na imani ya mdomoni. Alijenga viwanda ndani ya nyumba yake ya huruma ili walioachwa na jamii wapate kazi na ufundi. Daimler alifika hapo mwaka 1863 kuongoza karakana ya mashine, akamkuta kijana mwenye kipaji cha kuchora. Urafiki wao wa maisha, na injini yenyewe, vina mizizi katika nyumba iliyosimama juu ya Injili. Sijaona jambo hili likitajwa mara nyingi katika hadithi za magari, na linastahili kutajwa.

Kwa sababu hiyo sioni shida kuiuliza mashine yao swali la imani. Imani ya watu wengi, na yangu ikiwemo katika miaka fulani, imefungwa vigurudumu ubavuni. Tunamtegemea Mungu maadamu mshahara umeingia na majibu ya vipimo ni mazuri. Vigurudumu hivyo havina dhambi ndani yake. Hata Daimler alivifunga kwa nia njema. Shida ni kwamba mwenye kuviegemea hajawahi kukata kona. Siku barabara inapopinda kwa kasi, kwa msiba au kwa kazi iliyokwisha ghafla, anatupwa nje, kisha anadhani ni Mungu aliyemtupa.

Nimewasikia wahubiri wakieleza imani kuwa hali ya kutotikisika. Siamini hivyo tena. Chombo kisichotikisika ni kile kilichowekwa stendi. Katika Marko sura ya 9 baba wa mtoto mgonjwa anamwambia Yesu kwa pumzi moja kwamba anaamini, na kwamba asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hakumfukuza akajifunze kwanza. Alimponya mtoto. Baba yule alikuwa anaanguka na kudakwa hapo hapo, mbele ya umati, na Injili inaihesabu hiyo kuwa imani. Ndiyo maana wazee wetu wengi wa kanisani wasiojua kueleza fundisho la Utatu wanajua kusali usiku wa msiba. Mwili wao umeshika njia kabla ya maelezo, kama wale waliohojiwa na Wilbur.

Lakini lazima niseme upande wa pili, kwa sababu mashine haimwonei huruma mtu kwa kuwa ana imani. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, kwa kilomita 40 kwa saa, inadai ulale digrii 23 hivi. Panda hadi 50 tu, na kona ile ile inadai digrii 33, kwa kuwa kasi huingia katika hesabu ikiwa imezidishwa kwa yenyewe. Kwenye lami kavu, tairi zima linaubeba mlalo huo. Kwenye changarawe iliyomwagika, au lami iliyolowa mvua ya kwanza, haliubebi. Ninaona pikipiki nyingi zilizobandikwa jina la Yesu kwenye tangi, na dereva hana kofia ngumu, tairi la nyuma limebaki kipara. Simcheki, ninamhurumia na ninamwogopea. Shetani alipompandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe, alimpa na aya ya kumtia moyo. Bwana alikataa. Kulala kwenye kona na kujitupa kutoka kinarani si jambo moja: kona ina mwendo, ina mshiko, ina njia inayokwenda mahali.

Kuna mtu wa pili ambaye uchambuzi wa pikipiki humsahau, naye ni abiria. Dereva akilala kushoto, abiria mgeni hujinyoosha kulia kwa hofu, akidhani anasaidia. Uzito wake unainyima mashine sehemu ya mlalo, kona inapanuka, na dereva analazimika kuilaza zaidi ili asitoke barabarani. Hofu yake imeongeza hatari aliyoihofia. Abiria mzoefu hutazama mbele juu ya bega la dereva la upande wa kona, huku akienda na mashine. Hana usukani wala breki, na haoni shimo lililo mbele kabla dereva hajaliona. Mimi naona imani ya Kikristo inafanana na kazi ya abiria kuliko ya dereva, ingawa mahubiri mengi hututaka tujione tumeshika usukani.

Paulo alipomwandikia Timotheo kutoka kifungoni hakujisifu kwamba anaijua njia. Alisema anamjua yule aliyemwamini. Hilo ndilo swali la abiria, na linaulizwa kabla ya kupanda. Abiria mwenye akili, usiku, kituoni, hutazama tairi, hunusa kama dereva amekunywa, huomba kofia. Asiporidhika huacha, hupanda ya mwingine. Akiridhika hukaa, hushika, na kona ya kwanza inapofika hulala nayo.