Ukuta uliungua, makaratasi yakabaki

Bandugu, leo tuongee juu ya picha ambazo hakuna hata mmoja wetu atakayeziona.

Kule Paris, ndani ya jumba la mji linaloitwa Hôtel de Ville, Eugène Delacroix alipamba chumba kimoja, Salon de la Paix. Alikifanyia kazi kuanzia 1852 mpaka 1854. Darini aliweka Amani akija kuwafariji watu. Kuzunguka chumba akaweka picha 11 za Hercules, shujaa wa hadithi za Wagiriki: anamnyanyua Antaeus, anamtoa Alcestis kuzimu. Tarehe 24 Mei 1871, wakati wa uasi wa Commune, jumba likachomwa moto. Chumba kizima kikaisha. Yalibaki makaratasi: michoro ya matayarisho, majaribio madogo ya rangi, pamoja na nakala za msaidizi wake, Pierre Andrieu.

Nimeitazama michoro yake kwa simu, hapa Luena, usiku, saa ile rezo inapotembea kidogo. Mara ya kwanza nilikasirika. Mstari umepita juu ya mstari, mkono umeanzwa, umeachwa, umeanzwa tena. Nikajiuliza: huyu njo mchoraji mkubwa?

Kilichonisaidia ni kumlinganisha na mpinzani wake, Ingres. Katika jumba lile lile Ingres alichora Napoleon wa kwanza akipandishwa mbinguni, 1853, na dari yake iliungua katika moto ule ule. Mstari wa Ingres ni safi. Unazunguka mwili kama mtu aliyekwisha kuamua. Delacroix haanzi na ukingo wa mwili. Anaanza katikati, kwa mizunguko, anatafuta kwanza uzito uko wapi.

Chukueni Antaeus. Yeye ni mtoto wa Ardhi, na nguvu zake zinatoka udongoni. Hercules akimwangusha, anainuka na nguvu zaidi. Dawa ni moja: kumnyanyua, asiguse chini. Kwa hiyo picha yote inategemea swali moja: mguu umeacha udongo ao bado? Unaweza kuchora misuli yote vizuri na swali lile likakosa jibu. Ile mizunguko ya Delacroix, ambayo mimi niliiona kama uchafu, njo inapima jambo hilo. Anajaribu, anaongeza uzito, anarudia. Tunamwona kabla hajajua.

Lakini tusidanganyane. Karatasi si ukuta. Delacroix alikuwa mtu wa rangi kuliko yote, na mchoro wa kalamu hauwezi kutuambia ilikuwaje kusimama chini ya dari ile, taa zikiwaka. Tena Andrieu alizoea mkono wa bwana wake mpaka wataalamu wamebishana kuhusu baadhi ya makaratasi: ni ya nani kati ya wawili? Wanaosema mchoro wa kwanza ni bora siku zote kuliko kazi iliyokamilika, siko pamoja nao. Mimi ninasema kidogo tu: bila makaratasi haya, hata mabishano yasingekuwepo.

Na hapa ninarudi kwetu. Miaka michache iliyopita rafiki yangu mmoja alichora Kalala Ilunga kwenye ukuta wa shule moja ya hapa. Alichagua ile saa ambayo sote tuliisikia kwa wazee: Nkongolo amechimba shimo, ametega mikuki ndani, amelifunika, halafu anamwita Kalala Ilunga aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma anamwonya kwa mdundo. Rafiki yangu alihangaika na mguu. Uwe umekanyaga? Uwe juu? Nilimwona akijaza daftari zima kwa mguu mmoja tu. Mwishoni aliuacha hewani, vidole vikielekea chini, na watoto wa shule walikuwa wakisimama pale kuuiga.

Halafu wageni wakubwa walitangazwa, ukuta ukapakwa chokaa. Siku moja tu. Nikamwuliza: na lile daftari? Akacheka. «Ile ilikuwa makaratasi tu. Mama aliwashia nayo mbabula.»

Sisi Baluba, bandugu! Mababu zetu waliweka historia ya ufalme kwenye lukasa, ubao unaoshikika mkononi, wenye shanga na alama. Mtu wa Mbudye alipitisha kidole juu yake, alama chache zikawa wafalme, safari na vita. Walijua kwamba kitu kidogo kinaweza kubeba kitu kikubwa, mradi kitunzwe na awepo mtu wa kukisoma. Sisi wenye diploma tunasubiri kazi kubwa imalizike, ya kwanza tunaitupa.

Rafiki yangu hataki kuchora tena. Anasema mguu ule hawezi kuurudia kwa kichwa. Kwa hiyo ninaomba: kama ulisoma pale, kama ulipiga foto mbele ya ukuta ule siku ya kufunga shule, tafuta kwenye simu yako ya zamani. Hata kama ni wewe umejaa mbele na mguu unaonekana nusu nyuma ya bega lako, nitumie.