Silabu na manamba wa Buha: ofisi iliyodumu kwa sababu ya waliorudi

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, aliyekuja Kasulu au Kibondo kuandikisha vibarua alilipwa kwa kichwa. Kila mwanamume aliyeweka dole gumba kwenye mkataba mbele ya bwana shauri alikuwa na bei yake, na aliyeilipa ni mwenye shamba la mkonge kule Tanga au Morogoro. Kasoro ya mpango huo inaonekana mara moja: kazi ya wakala inaisha pale mkataba unapotiwa dole. Kijana akiugua njiani, au akifika shambani akakuta ujira si ule alioambiwa, wakala ameshapokea chake. Kwa hiyo walichukuliwa dhaifu na wavulana wadogo, na maneno matamu yalimwagwa vijijini. Wakala wa namna hiyo huvuna vizuri msimu wa kwanza, kisha hutafuta wilaya nyingine ambako hajajulikana.

Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge wa Tanganyika kilianzisha ofisi yake ya vibarua, ambayo watu wote waliiita Silabu. Mkonge ulikuwa na bei. Japani ilikuwa imezikamata Ufilipino na visiwa vya Uholanzi vya Mashariki ya Mbali mwaka 1942, nyuzi za huko zikakatika, na mataifa ya Magharibi yakaitegemea Afrika Mashariki kwa kamba zao. Serikali ilikuwa imefikia hatua ya kuwashurutisha watu kwenda mashambani, njia ambayo isingeweza kuendelea baada ya vita. Silabu ikapewa kazi ya kuwapata watu kwa mkataba, mwaka hadi mwaka, na Buha, nchi ya Waha yenye Kasulu na Kibondo, ikawa mojawapo ya vyanzo vyake vikubwa.

Kwa nini Buha? Jibu la haraka ni kodi ya kichwa: ililipwa kwa fedha taslimu, na nyanda za juu za Kigoma hazikuwa na zao la biashara la kutosheleza wengi. Miaka ya 1930 malale iliongeza shida, serikali ikawakusanya watu katika makazi ya pamoja na mapori yakabaki matupu. Lakini kodi pekee haielezi. Waha walikuwa na desturi ya kutoka tangu zamani. Wakati wa kiangazi watu walishuka Uvinza kuchemsha chumvi, wakairudisha nyumbani au wakaiuza, na mvua zikikaribia walikuwa mashambani mwao. Wakala alikuta watu wanaojua kusafiri kutafuta, na wanaojua pia kwamba safari ina mwisho.

Hapo ndipo Silabu ilipowazidi mawakala wa zamani, na nadhani watu wengi wanaosimulia habari za manamba, yaani vibarua wa mkataba, hupita haraka mno mahali hapa. Sheria ilimtaka mwajiri amrudishe kibarua wa mkataba alikotoka. Kwa shamba moja moja hiyo ilikuwa gharama ya kukwepa. Kwa ofisi iliyokusudia kurudi kijiji kilekile mwakani, nauli ya kurudi ilikuwa mtaji. Mtu aliyeshuka kwenye lori akiwa na blanketi, nguo na fedha ya kununulia ng'ombe alikuwa tangazo ambalo hakuna karani angeweza kuliandika. Asiyerudi naye alitangaza, kwa namna yake.

Njia yenyewe ilikuwa kazi kubwa kuliko ushawishi. Kutoka Kibondo hadi stesheni ya Kigoma ni zaidi ya kilomita 200. Vizazi vya mwanzo vilitembea kwa miguu, na wengine walifika wamechoka kiasi cha kutofaa kazi kwa muda. Sasa ziliwekwa kambi, malori, posho na uchunguzi wa daktari, kisha reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Hata hivyo reli hiyo haikuunganishwa na reli ya Tanga mpaka kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipofunguliwa mwaka 1963. Kabla ya hapo, anayekwenda Korogwe au Muheza ilibidi ashushwe njiani na kumalizia kwa barabara. Kila kituo kilikuwa mahali pa mtu kutoroka, kuugua, au kuchukuliwa na mwajiri mwingine.

Tusiipambe ofisi hii, hata hivyo. Ilikuwa mali ya wanunuzi wa kazi, na wanunuzi wakikaa pamoja hawana sababu ya kushindana bei. Mashamba yaliyowahi kunyang'anyana watu sasa yaliletewa kutoka mfereji mmoja, na ujira ukabaki chini. Waha waliliona hilo. Wengi walikwepa mkataba wakaenda wenyewe, wakichukua kipande cha kawaida, yaani siku 30 za kazi za kukamilishwa ndani ya siku 42, ili waweze kuhama shamba baya. Wengine walikubali mkataba kwa ajili ya usafiri wa bure, kisha wakapotelea mbele ya safari. Kwenye madaftari hao ni watoro; mimi naona ni watu waliopiga hesabu zao.

Mwisho ulikuja kwa njia ya mishahara. Chama cha wafanyakazi wa mkonge kilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kima cha chini kikapanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashamba yakapunguza watu na kuwabakiza wakaazi waliozoea kazi. Kumsafirisha kijana kutoka Kibondo kukawa hakuna faida, na katikati ya muongo huo Silabu ilifungwa. Ni kichekesho kidogo kwamba reli ya kuunganisha ilikuwa imekamilika muda mfupi tu kabla. Bei ya mkonge ilianguka baada ya 1964, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa.

Watu hawakuacha kutoka. Kufikia wakati huo Korogwe na Muheza zilikuwa na familia za Waha wasiotazamia tena kurudi, na kijana wa Kasulu aliyetaka kazi hakuhitaji karani wala kambi. Alihitaji nauli, jina la shamba, na jina la mjomba aliyeko huko.