Filme Glory Road na misimu iliyokatwa

Wandugu, kila mwaka mwezi wa tatu ukifika, shampiona ya taifa ya basket ya vyuo vikuu vya Marekani (NCAA) inaanza, na lazima mtu atume tena ile filme Glory Road kwenye simu zetu, eti ituongeze moyo. Ni filme ya Disney, ilitoka 2006. Inasimulia Texas Western, chuo cha El Paso karibu na mpaka wa Mexico, vile ilichukua kombe mwaka 1966 kwa kupiga Kentucky 72 kwa 65. Wachezaji saba wa Texas Western walioingia uwanjani ile usiku, wote walikuwa weusi. Kentucky ilikuwa ya weupe watupu.

Inapendeza, siwezi kukataa. Derek Luke anamcheza Bobby Joe Hill vizuri, yule fundi wa kunyang'anya mpira. Kinachonisumbua ni kalenda. Kocha Don Haskins anafika, anaenda kutafuta vijana weusi, anabeba kombe, vyote msimu mmoja! Kumbe alifika El Paso 1961. Ekipe yake ilikwisha kucheza ile shampiona 1963 na 1964. Tena, chuo kilikuwa na mchezaji mweusi tangu 1956, Charlie Brown, wakati Haskins hajafika hata kidogo. Nolan Richardson naye alicheza pale kabla ya hawa wa kombe, na mwaka 1994 akachukua kombe hilo kama kocha wa Arkansas. Mimi nilisoma agronomia. Mtu akiniambia alipanda kahawa na kuivuna mwaka ule ule, ninamuuliza: ile miti nani aliipanda?

Na si El Paso peke yake. San Francisco ya Bill Russell ilishinda 1955 na 1956. Loyola ya Chicago ilishinda 1963, ikianza na weusi wanne kati ya watano. Filme inafanya kama vile mlango ulikuwa umefungwa kabisa mpaka kocha mmoja mweupe akaupiga teke.

Halafu mchezo wenyewe. Kwa filme, vijana wanashinda siku kocha anawaacha wacheze kwa raha yao. Lakini Haskins alifundishwa na Henry Iba, mzee wa ulinzi na nidhamu, na hivyo ndivyo ekipe yake ilicheza. Muangalie hesabu ya finali: Kentucky ilifunga vikapu 27 vya uwanjani, Texas Western 22 tu. Walishindia wapi? Kwenye mitupo huru: 28 kati ya 34, wakati Kentucky iliingiza 11. Mtu anasimama peke yake, uwanja mzima unamtazama, anatupa. Kitu kama hicho kinatoka kwa mazoezi ya kuchosha, na kwa sinema hakina sura. Kwa hiyo tunakumbuka ule mpira David Lattin aliosindilia ndani ya pete mwanzoni mwa matshi, hesabu tunaisahau. Hata kufika kule walipita kwa shida: Cincinnati 78 kwa 76 baada ya muda wa nyongeza, kisha Kansas 81 kwa 80 baada ya nyongeza mbili.

Usiku wa kuamkia finali, filme inampa Haskins hotuba nzito: kesho weusi peke yao ndio watacheza. Haskins mwenyewe, mpaka uzee wake, alisema aliweka tu wachezaji wake bora. Hilo jibu kwangu linazidi ile hotuba, maana linawapa vijana haki yao. Walicheza kwa sababu walikuwa wanajua. Kwa filme wanageuka zawadi ya mtu mwenye moyo mzuri. Na sisi wenye lisanse kwenye sakoshi, tunaongojea muheshimiwa fulani atuone, ni sehemu hiyo ndiyo tunarudisha nyuma kuangalia mara mbili.

Baada ya 1966 ilichukua miaka 18 mpaka kocha mweusi abebe kombe hilo: John Thompson, na Georgetown, 1984. Ni huyo Thompson aliyemchukua baadaye kijana mmoja wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, aliyefika Georgetown kwa burse akiwa na mawazo ya kusomea udaktari. Hiyo filme, kama iko mtu anaitengeneza, anitumie.