Ubeti Katika Kipimo cha Karatasi: Uhakiki wa Mpangilio wa Ukurasa na Umbo la Shairi

Mjadala baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, uliopamba moto katika miaka ya 1970, ulihusu zaidi vina na mizani, na swali kama mtunzi aweza kuviacha na bado akaitwa mshairi. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila ya kulitaja: kwamba mshororo hukoma pale alipoukomesha mtunzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo halina tena hakika hiyo. Shairi linalosomwa darasani siku hizi aghalabu limepigwa chapa kwa kompyuta na kutolewa kwa printa. Kwa hiyo kati ya mtunzi na msomaji amesimama mhariri asiye na jina, naye ni mpangilio wa ukurasa: ukubwa wa karatasi, pambizo, safu, kipimo cha kupunguzia, na idadi ya kurasa katika kila karatasi. Wahakiki wetu wamezoea kumpuuza mhariri huyu, wakidhani kwamba shughuli zake ni za karani. Kwa maoni yetu, kumpuuza ni kosa la uhakiki.

Tumelifikia swali hili kwa njia isiyo ya fahari. Katika mtihani mmoja tuliwataka wanafunzi waeleze bahari ya shairi walilokuwa wamepewa kabla katika nakala za kozi. Shairi lenyewe lilikuwa tarbia isiyo na utata wowote. Mwanafunzi mmoja alijibu kwamba ni tasdisa. Mwingine akasema ni takhmisa yenye mizani zisizolingana. Wa tatu, kwa ujasiri mkubwa, aliliita shairi huru. Wote watatu tuliwanyima alama. Baada ya majuma mawili tuliiona nakala waliyoisomea. Tulikuwa tumeitayarisha sisi wenyewe, katika safu mbili ili kuokoa karatasi, na katika beti kadhaa mishororo ilikuwa imekatika na kuwa mistari miwili. Aliyehesabu sita alikuwa amehesabu sawasawa.

Hapana budi kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa kuwa lawama hutupwa mahali pasipo pake. Watu husema kwamba printa imeharibu shairi. Ukweli ni kwamba kuna programu mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza ni ile ya kuandikia, ambayo huyamwaga maneno ndani ya ukurasa na kuyakata yanapofika ukingoni. Ya pili ni kiendeshi cha printa, ambacho wengi hukiita draiva. Hiki kwa kawaida hupokea ukurasa uliokwisha pangwa, kikaupunguza, kikaugeuza wima au mlalo, au kikaupanga pamoja na wenzake, lakini hakivunji mistari. Ukikiamuru kiweke kurasa mbili za A4 katika karatasi moja ya A4, kila ukurasa hushuka hadi kiasi cha asilimia 71, na herufi za pointi 12 huwa za pointi 8.5. Macho yataumia, ila mshororo utabaki mzima. Laiti tungaliokoa karatasi kwa njia hii badala ya kupanga safu, watahiniwa wetu wasingalipotezwa.

Kiini cha tatizo ni kwamba ushairi wetu hupimwa kwa silabi, na ukurasa hupimwa kwa milimita. Hebu tuchukue mishororo miwili tuliyoitunga kwa ajili ya mfano tu, bila ya kudai sifa yoyote ya kisanaa. Wa kwanza: *Karatasi ukikata, shairi utalivunja*. Wa pili: *Mwanafunzi wangu mwema, nyimbo zangu ziandike*. Kila mmoja una mizani kumi na sita, nane katika ukwapi na nane katika utao. Kwa sikio urefu wao ni sawa. Lakini ukiipiga chapa kwa herufi za Times za pointi 12, wa kwanza unachukua milimita zisizofika 60, na wa pili unakaribia 90, kwa sababu silabi kama *mwa*, *nyi* na *ndi* zina herufi nyingi, na *m* na *w* ni pana. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ondoa pambizo za milimita 25.4 kila upande, na nafasi ya milimita 12.7 baina ya safu mbili, kila safu itabakiwa na milimita 73 hivi. Mshororo wa kwanza utapita bila ya taabu. Wa pili utakatika ndani ya utao wake, pahali ambapo hakuna kituo cha pumzi wala kina. Basi ubeti mmoja utakuwa na mishororo mizima na mingine iliyovunjika, kwa kufuata wingi wa konsonanti. Sheikh Amri Abedi alipochapisha sheria zake za utunzi mwaka 1954, hapakuwa na haja ya kanuni juu ya upana wa safu. Nasi tungali tunafundisha kana kwamba haja hiyo haijazuka.

Jambo la pili ni kimo cha karatasi. Kenya, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia A4, yenye milimita 210 kwa 297, ambayo asili yake ni kipimo cha Kijerumani cha mwaka 1922. Marekani hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye milimita 215.9 kwa 279.4, na programu nyingi zilizoundwa huko huja zikiwa zimewekewa kipimo hicho mpaka mtumiaji akibadilishe. Tofauti ya kimo ni milimita 17.6, yaani zaidi ya mistari mitatu ya kawaida. Ukurasa wa A4 ukipelekwa kwa Letter kwa ukubwa wake halisi, na pambizo ya chini ikiwa nyembamba, kinachokatwa ni cha chini. Na cha chini katika ubeti wa mwisho wa ukurasa ni kibwagizo. Ukichagua ukurasa utoshelezwe, utapunguzwa hadi asilimia 94 na hakuna kitakachopotea. Lakini ukibadilisha ukubwa ndani ya programu ya kuandikia, mistari husukumwa mbele, na kibwagizo hujikuta peke yake juu ya ukurasa unaofuata. Programu hizo zina kinga ya kuzuia mstari mmoja wa aya kuachwa pekee. Kinga hiyo haiusaidii ushairi, kwa sababu mpiga chapa huufanya kila mshororo kuwa aya kamili. Dawa yake ni kukata mistari bila ya kuanzisha aya mpya, ili ubeti mzima uwe aya moja, kisha kuiamuru programu isiitenganishe.

Pengine mwanamapokeo atatuambia kwamba haya yote ni bure, kwani shairi ni la kuimbwa, na mwenye sikio hatababaishwa na karatasi. Hoja hii ina uzito. Katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti aghalabu hupangwa katika mstari mmoja au miwili, vipande vikitengwa kwa alama. Ni vitabu vya hati za Kirumi vilivyotuzoesha kuuona ubeti wa utenzi kama ngazi ya mistari minne mifupi. Wala Waswahili hawakuacha kuzisoma tenzi zao kwa sababu ya mpangilio wa aina moja au nyingine. Hata hivyo, katika miswada hiyo kipande hakikuachwa bila ya alama yake. Mwandishi alikuwa na uhuru wa kupanga vipande, hakuwa na uhuru wa kuvivunja. Safu yetu ya milimita 73 ilivivunja bila ya kuacha alama yoyote. (Na atakayechapisha nakala ya mswada kama huo kwa umbo la kijitabu akumbuke kuchagua mgongo wa kulia, akisahau, utenzi utaanzia mwisho.)

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi inawakabili wanamabadiliko, na inashangaza kwamba ni wao wanaoizungumzia kidogo. Tarbia iliyovunjika hubeba ushahidi wake ndani: vina vya kati na vya mwisho humwezesha msomaji makini kuirudishia umbo lake, hata kama wanafunzi wetu hawakufanya hivyo. Shairi lisilofuata vina halina shahidi huyo. Tangu Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, tumewaambia wanafunzi kwamba urefu wa mstari katika mashairi kama hayo ni uamuzi wa mshairi na una maana. Mstari mrefu ukikatwa na safu, neno moja likaangukia chini peke yake, mhakiki mwaminifu ataliandikia neno hilo aya nzima: upweke, mkato wa tumaini, kimya. Tumesoma tahakiki za namna hiyo, na tukiri kwamba tumewahi kuandika moja. Kwa nakala ya kozi peke yake, hakuna njia ya kujua kama neno lile liliwekwa na mshairi au na pambizo.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba kila shairi linalotolewa kwa mtihani lipangwe katika safu moja. Mishororo ihesabiwe pembeni kwa tarakimu, kila baada ya mitano. Na mstari uliokatika kwa ufinyu uingizwe ndani, ili ujulikane kuwa ni mkia wa ule ulioutangulia. Nakala itajwe imetokana na chapa ipi, naye mhakiki anayejenga hoja juu ya urefu wa mstari aseme ameusoma katika chapa hiyo. Wale watahiniwa watatu walirudishiwa alama zao, isipokuwa aliyesema shairi huru, ambaye vina vilikuwa mbele ya macho yake.