Kinachobaki Manyoyani

Mnunuzi wa shampuu ya mbwa au paka kwa kawaida hufungua kifuniko, akanusa, akalipa. Nyumbani akiona povu limejaa beseni anaridhika zaidi. Lakini harufu na povu vimewekwa kumfurahisha yeye. Kwa mnyama, la maana ni kile kinachobaki kwenye manyoya baada ya maji ya mwisho. Paka hujilamba kutwa, mbwa hulamba miguu na tumbo, na kisichosuuzika huishia mdomoni, kisha kwenye ini. Shampuu nzuri ni ile inayofanya kazi yake ikaondoka yote.

Anza na lebo. Itaje mnyama aliyekusudiwa na umri wake, viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Shampuu iliyomiminwa kutoka kwenye dumu ikatiwa kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa iache hapohapo dukani, bei iwe rahisi namna gani. Inayodai kuua kupe, viroboto au fangasi ihesabu kuwa ni dawa, uulize imesajiliwa wapi; Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Wala usilegezwe na maneno “ya asili”. Mafuta ya tea tree yanatoka kwenye majani ya mti, na bado yanaweza kumlaza paka hoi.

Kiambato cha kutafuta kabla ya vyote ni permethrini. Asili yake ni ua tunalolifahamu vizuri. Pareto imelimwa kwa miaka mingi kwenye nyanda za juu za Kenya na kusini mwa Tanzania, na sumu ya ua lake huua wadudu ila hukatika upesi ikipigwa na jua. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permethrini, jamaa yake wa maabara anayestahimili jua. Kwa mkulima hiyo ilikuwa neema. Kwa paka, kule kudumu ndiko balaa, kwa sababu ini lake ni hafifu mno katika kuvunja sumu ya namna hii. Kiasi anachokivumilia mbwa kinaweza kumtia paka mtetemeko, degedege na hata kumuua. Majina mengi ya ukoo huu huishia na -thrin, hivyo hata asiyesoma kemia anaweza kuyaona kwenye orodha. Ukiyakuta kwenye shampuu ya mbwa, na nyumbani una paka, rudisha chupa rafuni. Wawili hao hulala pamoja na kulambana.

Udhaifu huohuo wa ini ndio unaofanya ile dawa ya kahawia ya kuulia vijidudu, inayogeuza maji kuwa meupe, isifae kabisa kumwogeshea paka. Na dawa ya josho imepimwa kwa ajili ya ng'ombe. Kumkisia mbwa kwa vifuniko ni kumtia sumu.

Sabuni ya mche nayo wengi huitetea kwamba imetumika miaka yote. Kwenye kipimo cha pH hufika 9 au 10, wakati ngozi ya mbwa iko karibu na 7, na tabaka lake la juu ni jembamba kuliko letu. Pwani kuna tatizo la pili. Maji ya visima vya Unguja na Mombasa yamepita kwenye mawe ya matumbawe yakabeba chokaa, na sabuni ikikutana na chokaa hufanya utando mweupe usioyeyuka, ule unaoganda ukingoni mwa beseni. Ndio huohuo unaoganda manyoyani, mnyama akikauka anakuwa mkavu, mgumu, anajikuna. Shampuu haifanyi utando huo, kwa hiyo mwenye kisima ana sababu kubwa zaidi ya kuinunua. Shampuu ya watoto wachanga ukikwama si sumu, ila isiwe mazoea. Imetengenezewa ngozi ya binadamu.

Baada ya lebo, tumia mkono. Tia tone kiganjani, sugua kwa maji, kisha suuza. Vidole vikianza kukwaruzana mapema, ni dalili njema. Vikiendelea kuteleza kopo baada ya kopo, fikiria manyoya mazito ya mbwa wako na uvivu wa mtu anayemwogesha. Kisha ijaribu kwenye paja la ndani, sehemu ndogo tu, ungoje hadi kesho yake. Baada ya kuoga na kukauka, pitisha vidole kinyume cha manyoya mpaka uione ngozi, hasa kwapani na katikati ya vidole ambako shampuu hujificha. Pasiwe na unga, mafuta wala wekundu. Harufu ya manukato iwe imekwisha, mbwa anuke mbwa.

Ya kukawia mwilini ni moja tu, shampuu ya dawa aliyoiandika daktari wa mifugo. Yenye klorheksidini, kwa mfano, huhitaji kama dakika 10 juu ya ngozi ndipo ifanye kazi, na watu wengi huisuuza mapema wakasema haifai.

Paka mzima kwa kawaida hahitaji shampuu. Ila akiguswa na permethrini akaanza kuchezesha masikio, kutokwa mate au kutetemeka, usingoje. Kama hajaanza degedege, mwoshe haraka kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, kwani ya moto huharakisha sumu kupenya ngozini. Mfunge taulo, mpeleke kwa daktari, na ile chupa uichukue.